Dola ndiyo iliyowapora Wamaori

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikifundisha historia, mwanafunzi mmoja aliinua mkono akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu siku hiyo. Tulikuwa tukizungumzia jinsi Waingereza walivyoitwaa New Zealand. "Mwalimu," akasema, "kama Wamaori waliuza ardhi yao wenyewe, wameibiwa nini?" Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lile lilinigusa penye imani yangu.

Nakiri kwamba mimi ni mmoja wa watu wasioiamini dola. Naamini kwamba mtu mmoja mmoja, pamoja na jasho lake na mapatano aliyoyafanya kwa hiari, ana haki zilizotangulia serikali yoyote. Na tendo ambalo jirani akilitenda huitwa wizi, halibadiliki kuwa halali kwa kutendwa na mtu mwenye muhuri. Wapo wanaouita msimamo huu ubinafsi. Na waite. Lakini mwenye kuamini hivyo hawezi kulikwepa swali la yule kijana, kwa maana kuuza kwa hiari ni haki ninayoitetea.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1835 machifu 34 wa kaskazini walitia saini tangazo la uhuru wao. Tarehe 6 Februari 1840, pale Waitangi, William Hobson aliwaletea mkataba kwa niaba ya Malkia Victoria. Mmishonari Henry Williams alikuwa ameufasiri kwa Kimaori usiku mmoja tu, akisaidiwa na mwanawe. Nakala ya Kiingereza ilisema machifu wamempa Malkia enzi yote. Nakala ya Kimaori ilisema wamempa kawanatanga. Neno hilo limetokana na kawana, yaani "gavana" lilivyopita katika kinywa cha Mmaori, kama lilivyopita katika chetu. Nasi tungesema "ugavana". Kisha kifungu cha pili kiliwahakikishia tino rangatiratanga, uchifu wao kamili juu ya ardhi, vijiji na mali zao zote. Zaidi ya machifu 500 walitia saini au alama zao, na wapatao 40 tu ndio waliofanya hivyo kwenye nakala ya Kiingereza. Mtu hawezi kusemwa ametoa kitu ambacho hakuambiwa anakitoa. Mwaka 2014 Baraza la Waitangi, lililoundwa kwa sheria mwaka 1975, liliamua kwamba machifu wa kaskazini waliotia saini Februari 1840 hawakuisalimisha enzi yao.

Kifungu hicho cha pili kilibeba jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Mmaori akitaka kuuza ardhi, nakala ya Kiingereza ilimpa Malkia haki ya kuinunua peke yake. Isipokuwa kwa miaka michache ya katikati ya muongo ule, hapakuwa na mnunuzi mwingine halali. Kila mama auzaye mboga sokoni anajua kwamba mnunuzi akiwa mmoja, bei huipanga yeye. Mwaka 1848 serikali ilitwaa kutoka kwa kabila la Ngai Tahu, katika Kisiwa cha Kusini, zaidi ya ekari milioni 13 kwa pauni 2,000, ikawaachia ekari zisizofika 7,000, kisha ikawauzia walowezi kwa faida kubwa. Hilo halikuwa soko. Lilikuwa soko lililofungwa mlango, na ufunguo mfukoni mwa gavana.

Linalonichoma zaidi ni jambo la Waitara. Mwaka 1859 mtu mmoja aitwaye Te Teira alikubali kuiuzia serikali ardhi ya huko. Chifu Wiremu Kingi akakataa, kwa kuwa yeye na watu wake walikuwa wakiishi na kulima papo hapo. Gavana Gore Browne akashikilia kwamba chifu hana ruhusa ya kumzuia mtu kuuza kilicho chake. Maneno hayo ningeweza kuyatamka mimi! Lakini yatazameni vizuri. Serikali ile ile haikumruhusu Te Teira kumuuzia mtu mwingine yeyote. Na haki za wale wengine, ambao nao walikuwa watu mmoja mmoja wenye nyumba na mashamba, hazikuhesabiwa. Haki ya mtu binafsi ilikumbukwa siku ilipoifaa dola. Machi 1860 mizinga ikaanza kulia.

Julai 1863 Gavana George Grey aliyaingiza majeshi Waikato, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya kunyang'anya ardhi za "waasi". Waikato pekee zilichukuliwa ekari zipatazo milioni 1.2, na miongoni mwa walionyang'anywa walikuwamo wasiowahi kushika silaha. Ni mpenda uhuru gani awezaye kuitetea adhabu inayompata mtu kwa kabila lake, bila shahidi wala hukumu?

Mwaka 1865 ikaundwa Mahakama ya Ardhi ya Wenyeji. Hati zilitolewa kwa majina yasiyozidi kumi, hata pale wenye ardhi walipokuwa mamia. Wale kumi wakafanywa wamiliki. Wengine wakafutwa kwa wino. Gharama za kupima mashamba na za kukaa mjini wakingojea kesi ziliwatia wengi madeni, na madeni yakauza ardhi. Wasomi wengi huita hayo ujio wa umiliki wa mtu binafsi. Mimi nayaita mamia ya watu binafsi kuporwa.

Nayo Parihaka? Huko Te Whiti na Tohu Kakahi waliwaongoza watu wao kupinga bila silaha. Mwaka 1879 walilima kwa plau mashamba yaliyonyang'anywa. Mamia yao wakafungwa bila kesi, na bunge likatunga sheria za kuhalalisha jambo hilo. Tarehe 5 Novemba 1881 askari wapatao 1,600 waliingia kijijini, wakapokewa na watoto waliokuwa wakiimba. Viongozi wakakamatwa, nyumba zikabomolewa. Serikali iliomba radhi mwaka 2017.

Hata hivyo sitawadanganya wasomaji kwamba machifu walikuwa malaika. Mwaka 1835 watu wa makabila mawili ya Kimaori walivivamia visiwa vya Chatham, wakawaua na kuwafanya watumwa Wamoriori, watu ambao mila yao iliwakataza kuua. Na mwaka 1870 mahakama ile ile ya ardhi iliwapa washindi karibu visiwa vyote. Mwenye nguvu alitambuliwa na mwenye nguvu mwenzake. Dhuluma haina rangi, ila hupenda kukaa karibu na mamlaka.

Siku hizi wapo watu wa fikira kama zangu wanaosema haya yote yamepita, tuhesabu haki za kila raia sawa kuanzia sasa. Mswada wa namna hiyo kuhusu mkataba wa Waitangi uliletwa bungeni Wellington mwaka 2024, makumi ya maelfu wakaandamana kuupinga, na ukaangushwa Aprili 2025 kwa kura 112 dhidi ya 11. Neno "sawa" ni tamu masikioni mwangu. Lakini anayeanza kuhesabu usawa asubuhi baada ya usiku wa wizi amemfanyia hesabu mwizi. Kanuni yangu yenyewe yanidai niseme kwamba mali iliyoporwa hurudishwa, na ardhi iliyo bado mikononi mwa serikali ndiyo ya kwanza kurudi. Fidia ya dola milioni 170 waliyopewa Waikato mwaka 1995, na kiasi kama hicho walichopewa Ngai Tahu mwaka 1998, ni sehemu ndogo tu ya thamani ya kilichochukuliwa.

Sisi Wakenya tusiitazame hadithi hii kama ya kisiwa cha mbali. Mwaka 1877 jaji mmoja wa New Zealand aliuita mkataba wa Waitangi kuwa si kitu. Mwaka 1913 Wamaasai, walioahidiwa ardhi mwaka 1904 na kuhamishwa tena kwa mapatano ya 1911, walikwenda mahakamani, wakaambiwa kuwa mkataba wao hauwezi kuamuliwa na mahakama hiyo. Dola iliandika ahadi, ikaivunja, kisha ikamteua mwamuzi.

Yule kijana leo ni mtu mzima, na sijui yuko wapi. Kama anasoma ukurasa huu, jibu langu limechelewa lakini ni hili: mwanangu, kabla ya kuuliza kama waliuza, uliza kwanza kama waliruhusiwa kukataa.