Jiwe la Mzani wa Oksijeni

Wengi wetu tumewahi kupigwa picha ya eksirei hospitalini. Nyama huipitisha eksirei, mfupa huizuia. Ndiyo maana mfupa huonekana kwenye picha.

Je, hewa nayo huizuia? Ndiyo, ikiwa nyingi. Nyota hutoa eksirei, lakini hewa iliyo juu yetu huzifyonza zote kabla hazijafika chini. Kwa hiyo vyombo vya kuzipima hupelekwa juu kwa roketi. Setilaiti ya kwanza ya kazi hiyo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, Kenya. Siku hiyo Wakenya walikuwa wakisherehekea uhuru wao, basi nayo ikaitwa Uhuru.

Kati ya nyota kuna gesi pia, nyepesi mno. Imo oksijeni, hii hii tunayovuta puani. Eksirei zina nguvu mbalimbali, na kila gesi hufyonza zaidi zile za nguvu fulani. Wataalamu wakiona eksirei za nguvu hiyo zimepungua, hujua gesi gani iko njiani. Na ile nguvu ikiwa imesogea kidogo, hujua gesi inatujia au inatukimbia, kama honi ya lori inavyobadilika sauti likitupita.

Hapo yakatokea matata. Oksijeni ya angani ilionekana kama inakwenda mamia ya kilomita kwa kila sekunde. Kweli inakimbia hivyo? Au kipimo cha hapa duniani ndicho kibovu?

Nyinyi wakulima wa pamba mnayajua haya. Jiwe la mzani likiwa na kasoro, kila gunia litapimwa vibaya, hata karani awe mwaminifu namna gani.

Basi huko Berlin, Ujerumani, wataalamu walilikagua jiwe lenyewe. Eksirei zile zile walizipitisha kwenye oksijeni ya kawaida, na pia kwenye atomi, yaani chembe ndogo sana, zilizonyang'anywa karibu elektroni zake zote. Atomi za namna hii zina hesabu nyepesi, kwa hiyo nguvu inayofyonzwa hujulikana barabara. Wakalinganisha.

Mwaka 2020 walitoa majibu. Kipimo cha oksijeni kilichotumika miaka mingi, na ambacho wengine walipimia vipimo vyao, kilikuwa na kosa lisilofika sehemu moja katika elfu. Ni dogo, lakini lilitosha kutudanganya. Walipolisahihisha, ile mbio ya oksijeni ya angani ikatoweka.