Sandarusi ya Kilwa na cheche ndani ya dumu la petroli

Na Mwandishi Wetu

UKISUGUA kipande cha sandarusi kwa kitambaa kikavu cha sufu, kisha ukakisogeza karibu na makapi ya mpunga, makapi hayo yataruka na kunata. Nguvu inayoyavuta ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuwasha petroli ya mvuvi.

Sandarusi, utomvu wa kale ulioganda na kufukiwa ardhini, ilichimbwa kwa wingi katika mwambao wa Kilwa na Lindi katika karne ya 19. Ilipelekwa Unguja, na kutoka huko ikauzwa Ulaya na Marekani, hususan Salem katika jimbo la Massachusetts, kwa kutengenezea vanishi. Ndugu yake ni kaharabu, ambayo jina lake lina asili ya Kiajemi, yaani kinyakua mabua. Waarabu hadi leo huuita umeme kwa jina hilo.

Katika miaka ya 1730, Mfaransa Charles du Fay alibaini kuwa chaji za umeme ni za aina mbili: ya kioo na ya utomvu, na katika kundi hili la pili aliziweka kaharabu na sandarusi. Zinazofanana husukumana, zinazotofautiana huvutana. Leo twaziita chanya na hasi.

Msuguano hauumbi umeme. Huhamisha elektroni tu: kitu kinachozipokea huwa na chaji hasi, kilichozipoteza huwa na chaji chanya. Umeme wa nyaya, kama ule unaozalishwa kwa gesi ya Songosongo tangu mwaka 2004, hutiririka. Huu hubaki pale pale, kwa kuwa sandarusi, kama plastiki, haipitishi umeme. Ndiyo maana huitwa umeme tuli.

Hapo ndipo penye hatari. Petroli inapopita kwenye mpira wa pampu huchukua chaji. Dumu la plastiki likiwa ndani ya boti ya faiba, au juu ya turubai katika gari la mizigo, chaji hiyo hukosa njia ya kwenda ardhini. Hulimbikizana hadi iruke kwa cheche, na mvuke wa petroli hauhitaji cheche kubwa. Unyevu wa hewa ya pwani hupunguza mishtuko ya nguo za nailoni, lakini si kinga ya kutegemewa mbele ya petroli.

Dumu lishushwe chini ardhini, mdomo wa bomba uguse mdomo wa dumu muda wote, na petroli imiminwe polepole. Mvuvi anayewahi maji atasema hana nafasi ya kushusha dumu. Kazi yenyewe haimalizi dakika moja.