Mfuko wa kulalia mtoto: joto kiasi gani linamtosha?

Mama, ukipita Mtaa wa Kongo pale Kariakoo, au ukichagua mitumba kule Karume, utaiona imetundikwa: mifuko ya kulalia watoto, minene lakini myepesi, yenye zipu mbele na mara nyingine kofia. Muuzaji atakuambia ukimwingiza mwanao humo hataonja baridi. Kina mama wengi huja nayo kliniki na kuniuliza, "Nesi, hii inamfaa?"

Jibu linategemea mfuko umejazwa nini, na mtoto analala wapi.

Mfuko hautengenezi joto

Joto linatoka mwilini mwa mtoto. Kazi ya mfuko ni kulizuia lisitoke. Na kinacholizuia zaidi ni hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi, kwa sababu hewa iliyotulia hupitisha joto polepole sana. Fikiria mto wa sufi: ukitoka kuanikwa juani umefura, una joto kuliko ulipokuwa umegandamana. Mfuko nao ukifura huhifadhi joto. Ukilowa au kugandamana, hulipoteza.

Wazo hili ni la watu wanaolala nje kwenye baridi, kama wapanda Mlima Kilimanjaro. Mfuko wa aina hiyo umeshonwa kwa ajili ya baridi ya mlimani. Chumba cha Ilala ni kitu kingine.

Ndani kuna nini?

- Manyoya laini ya bata. Hunasa hewa nyingi kuliko vyote na ni mepesi, lakini yakilowa hugandamana na hukauka kwa shida. Ni moto mno kwa mtoto wa Dar es Salaam.
- Poliesta. Ndiyo utakayoikuta zaidi, kwenye mifuko na kwenye blanketi zenye manyoya. Hukauka haraka, ila hainyonyi jasho, hivyo mtoto huloa ndani. Pia huyeyuka ikikaribia moto.
- Sufu ya kondoo. Huhifadhi joto hata ikiwa na unyevu kidogo. Inafaa nchi za baridi.
- Pamba. Hunyonya jasho na kupitisha hewa. Ikilowa mkojo hupooza mwili, kwa hiyo ibadilishe mapema. Kanga na shuka jepesi la pamba ndivyo vinavyofaa zaidi hapa kwetu.

Soma lebo kabla ya kulipa

Mifuko mingi iliyotengenezwa kwa ajili ya Uingereza huwa na namba ya TOG, yaani kipimo cha kuzuia joto. Namba 2.5 ni ya chumba chenye nyuzi joto 16 hadi 20. Namba 1.0 ni ya nyuzi 20 hadi 24. Namba 0.5 ni ya nyuzi 24 hadi 27. Sasa fikiria usiku wa Januari hapa mjini, kwenye chumba chenye bati na dirisha moja. Hata ule mwembamba kabisa unaweza kumzidi mtoto.

Kwa nini joto likizidi ni hatari?

Mtoto mchanga hawezi kujifunua wala kukuambia anaungua. Anatoka jasho, anapoteza maji, anapata vipele, anachoka hata kunyonya. Joto kupita kiasi limehusishwa pia na vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini.

Januari moja nilimtembelea mama aliyejifungua, mwanaye ana wiki tatu. Mtoto alikuwa ndani ya mfuko mnene, amevaa fulana, soksi na kofia, na juu yake blanketi. Bibi yake aliogopa kichomi. Kipimajoto kilisoma 38.1. Tulimvua, tukamwacha na nepi na fulana, mama akamnyonyesha. Baada ya nusu saa alisoma 37.1. Hata hivyo niliwasindikiza kituo cha afya aangaliwe, kwa kuwa mtoto wa umri huo hatumbahatishii.

Bibi alifanya vile kwa upendo. Ila kichomi huletwa na vijidudu. Kinga yake ni maziwa ya mama, chanjo zote za kliniki, na kumweka mtoto mbali na moshi.

Mtoto njiti au mwenye uzito mdogo

Huyu kweli anapoteza joto haraka, hata Dar es Salaam. Lakini kinachomfaa ni kifua chako. Njia ya kangaruu, mtoto kugusana na mama ngozi kwa ngozi, ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika katika nchi tano ikiwemo Tanzania, ulionyesha kwamba kuianza mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo vya watoto hawa kwa robo. Baba au bibi naye anaweza kupokezana nawe.

Usiku wa leo fanya hivi

- Mlaze chali, kwenye godoro gumu kiasi, chini ya chandarua.
- Usiweke mto wala blanketi zito karibu na uso. Kichwa kiwe wazi anapolala.
- Pima joto kwa kugusa kifua au shingo kwa nyuma. Mikono na miguu hudanganya.
- Kukiwa na joto, nepi na fulana nyepesi ya pamba vinatosha.
- Usimpashe joto kwa jiko la mkaa ndani ya chumba. Moshi wake usioonekana unaua.
- Ukinunua mtumba, ufue, uanike juani na uupige pasi kama kitambaa kinaruhusu. Uliochanika mshono, ujazo ukitoka, usiutumie.

Kimbilia kituo cha afya, mchana au usiku, ikiwa mtoto mchanga:

- ana joto la 37.5 au zaidi na halishuki baada ya kumpunguzia nguo, au chini ya 35.5;
- hanyonyi, amelegea au haamki vizuri;
- anapumua haraka au kifua kinabonyea;
- amepata degedege.

Mwingine ukimkuta na dalili hizi usisubiri kupima nguo kwanza, nenda.

Na kama mfuko umeshaununua, usiutupe. Ufue, uukunje, uuweke. Mwezi wa Julai ukimpeleka mwanao kuwaona babu na bibi Njombe au Lushoto, utakuwa umepata pahala pake.