Kumtafuta Mwanamaji wa Ukoo: Njia ya Nyaraka kutoka Chimala

Chimala iko mbali na bahari, pembezoni mwa bonde la Usangu kando ya barabara kuu ya Makambako kwenda Mbeya, na kwa sababu hiyo familia ya huko inaposikia kwamba babu yao alitumikia meli ya vita, wengi huichukua habari hiyo kuwa masimulizi ya kupitishia jioni. Historia ya Nyanda za Juu Kusini haiwaungi mkono wenye shaka. Mwezi Agosti 1914, siku chache tu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuanza, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen, ikiongozwa na nahodha Rhoades, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa ikitengenezwa huko Sphinxhaven, bandari ya Ziwa Nyasa ambayo leo inaitwa Liuli. Mwaka 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Northey, lililopita Tukuyu na Njombe na kuingia Iringa mwezi Agosti, lilitegemea shehena zilizovushwa kwa meli za ziwa hilo hilo. Meli hizo ziliendeshwa kwa mvuke wa kuni, kwa hiyo zilihitaji wachochea moto, wakata kuni na wapakuzi, na pale nchi kavu ilipoanzia, wapagazi wa kubeba mizigo vichwani.

Swali la kwanza la mtafiti, basi, ni mzee huyo alitumikia maji gani na lini, kwa kuwa jibu lake ndilo linaloonyesha serikali iliyomwandika. Aliyekuwa chini ya Wajerumani hutafutwa katika nyaraka za enzi hiyo zilizohifadhiwa Dar es Salaam, kwenye Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, au katika hifadhi ya kijeshi iliyoko Freiburg, Ujerumani. Aliyekuwa chini ya Waingereza hutafutwa Dar es Salaam, Nairobi na Kew, kitongoji cha London yalipo makao ya Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, ambako majalada hupangwa kwa herufi za wizara na namba: ADM 53 ni daftari za safari za meli, na CO 822 ni barua za Wizara ya Makoloni kuhusu Afrika Mashariki. Daftari ya safari huandikwa saa kwa saa, ikieleza upepo, mwendo na mahali meli ilipo, lakini baharia wa kawaida hutajwa humo kwa nadra sana, kwa mfano anapofariki, na ndiyo maana mtafiti anayeifungua akitarajia kukuta jina la babu yake mara nyingi huondoka mikono mitupu, ingawa amejua meli ilikuwa wapi siku fulani.

Rahisi zaidi kufuatiliwa ni waliotumikia Jeshi la Majini la Kifalme la Afrika Mashariki, lililokuwa na makao yake Mombasa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1950 hadi lilipovunjwa mwaka 1962, likiwachukua vijana wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Baadhi ya mabaharia wake wanaweza kuwa hai hadi sasa, na mazungumzo na mmoja wao yanaweza kufaa kuliko jalada zima.

Kinachokwamisha wengi ni jina. Karani aliandika alivyosikia, akabadili l kuwa r, akakata kiambishi cha mwanzo, au akaridhika na jina moja na la baba, hivyo mtu mmoja anaweza kuonekana katika karatasi tatu kwa sura tatu. Fomu za kuandikisha Waafrika kwa kawaida ziliuliza pia kabila, chifu na wilaya, na hapo familia inapaswa kukumbuka kwamba mipaka imehama: Mbarali, wilaya ambamo Chimala imo leo, zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbeya, nayo ilihesabiwa katika Jimbo la Nyanda za Juu Kusini. Anayetafuta wilaya ya Mbarali katika karatasi za ukoloni anapoteza muda, ilhali anayejua kwamba mzee alikuwa mtu wa Merere, chifu wa Wasangu, ana ufunguo mkononi.

Nishani nayo isomwe kwa makini. Za Uingereza za Vita vya Kwanza huchongwa namba, cheo na jina, mara nyingi kwenye ukingo wake mwembamba, na baadhi ya vikosi vya vibarua vilipewa ya shaba badala ya fedha. Nyota na nishani za Vita vya Pili zilitolewa bila jina, kwa hiyo peke yake hazimthibitishi mtu.

Yapo pia majina yasiyoandikwa kabisa, na hilo ni dhuluma inayostahili kutajwa kwa jina lake. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba wanajeshi na wapagazi wa Vita vya Kwanza wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kwa ukoo wa mtu wa namna hiyo, ushahidi uliobaki umo vinywani mwa wazee, kwa hiyo kabla ya kuandika barua kwenda Dar es Salaam au London, wanafamilia na wakae na bibi na babu waliosalia, waandike majina yote, ukoo, chifu na bandari iliyotajwa, na nishani iliyomo sandukuni isiuzwe.