Joto la Mchana na Nyumba ya Kuku

Miezi ya Januari, Februari na Machi, kabla mvua ya masika haijaanza, ni miezi ya hatari kwa mfugaji wa kuku katika skimu za makazi za nchi ya joto, kama vile Mwea, Hola, Bura na Mpeketoni. Kuku aliyekuwa mzima asubuhi aweza kufa kabla ya jua kutua, naye hakuwa na ugonjwa wo wote. Ameuawa na joto. Tena wanaokufa kwanza ni kuku wazito na wale watagao sana, yaani ndio hao ambao mkulima anawategemea kwa karo ya shule na kwa kulipa deni la shamba.

Wakulima wengi walitoka milimani kwenye baridi. Walipofika mahali papya walijenga nyumba ya kuku kama walivyoizoea kwao: kuta nzima, dirisha dogo, na mabati juu. Nyumba kama hiyo ni nzuri Kinangop. Katika nchi ya joto ni tanuri.

Kwa nini kuku hushindwa na joto

Kuku hana jasho. Joto la mwili wake ni kama digrii 41 za Sentigredi, na la mtu ni 37. Hewa ikiwa kati ya digrii 18 na 24 kuku hukaa raha. Ikipita digrii 30 hufungua mdomo, huhema upesi upesi na kutandaza mabawa. Akihema hivyo, maji yaliyo ndani ya koo na mapafu hugeuka kuwa mvuke, na mvuke huo ukitoka huchukua joto pamoja nao. Hiyo ndiyo njia yake kubwa ya kujipoza.

Sasa jaribu jambo hili. Lowesha vitambaa viwili. Kimoja kianike nje penye upepo, na kingine ndani ya chumba kilichofungwa chenye sufuria inayochemka. Cha nje kitakauka upesi, na cha ndani kitabaki na maji. Sababu ni kwamba hewa kavu hunywa maji, lakini hewa yenye unyevu mwingi imekwisha shiba. Ndivyo ilivyo kwa kuku. Ndani ya nyumba yenye unyevu ahema bure, maana mvuke hauna pa kwenda. Kwa hiyo mfugaji ana maadui wawili, joto na unyevu, na yafaa apigane nao pamoja.

Jengo lenyewe

Jenga nyumba ndefu, ncha moja ielekee mashariki na nyingine magharibi, ili jua lipige zile pande fupi tu. Upana usipite futi 30, upepo upate kupita. Ukuta wa chini uwe futi 2 au 3, na juu yake weka waya wa kuku mpaka kwenye paa. Paa la nyasi au makuti hupoza vizuri. Ikiwa una mabati, tandaza nyasi juu yake na kuzikandamiza kwa fito, au yapake rangi nyeupe. Panda miti ya kivuli, lakini kata matawi ya chini yasije yakazuia upepo.

Usiwasonge kuku. Nyumba ya futi 20 kwa 20 hutosha kuku 200 mahali pa baridi, lakini katika nchi ya joto weka 160 tu. Kila kuku ni jiko dogo, naye huongeza joto kwa wenzake.

Maji na chakula

Kuku 160 wa mayai hunywa kiasi cha lita 40 siku ya kawaida. Siku ya joto kali watataka lita 60 au zaidi, yaani mitungi 3 ya lita 20. Weka vyombo kivulini, viwe vingi, na ubadilishe maji tena saa 6 mchana, kwa sababu kuku hukataa maji moto. Chombo cha udongo huweka maji baridi kuliko bati.

Kula huleta joto mwilini. Basi wape chakula alfajiri, kiondoe saa 4 asubuhi, na ukirudishe saa 10 jioni. Usiwakamate wala kuwasafirisha mchana. Ukiona mayai yenye maganda membamba wakati huu, usishangae: kuhema sana hupunguza katika damu kitu kinachotumika kutengeneza ganda.

Kumwaga maji au kutomwaga?

Hapa wengi hukosea. Hola na Bura, ambako hewa ni kavu, ni vema kunyunyiza maji juu ya paa na kutundika magunia yaliyoloweshwa upande upepo unakotoka. Lakini Mpeketoni, karibu na bahari, hewa ina unyevu tayari. Ukinyunyiza ndani unawazidishia kuku taabu. Huko tegemea upepo na nafasi.

Po pote ulipo, matandiko ya chini yawe makavu. Fumbata maranda mkononi. Yakishikamana kama donge, yana maji mengi: yageuze, ondoa yaliyoloa, ongeza makavu. Matandiko mabichi hutoa harufu kali inayoumiza macho, na huleta ugonjwa wa kuhara damu. Nyumba yenye unyevu inamfaa chura, haimfai kuku.

Kuku akianguka

Mpeleke kivulini penye upepo, lowesha kilemba, miguu na kifua kwa maji ya baridi, na akiinua kichwa mwache anywe mwenyewe. Usimmiminie maji kooni. Kuku akihema hata usiku wakati wa baridi, hilo si joto. Huenda ni kideri au ugonjwa mwingine. Mwite Bwana Mifugo upesi.

Ili kujua hali ya nyumba yako, ingia saa 8 mchana ukakae humo kwa dakika 10. Ukitamani kutoka, kumbuka kwamba kuku hawezi kutoka. Toboa ukuta na utie waya kabla ya Januari.