Avio kuruka na mafuta ya mbegu: mlimaji anapata nini?

Walimaji wengi wanatuuliza: kama avio zinaanza kuruka na mafuta ya mbegu, sisi wa Kalemie tupande mbono?

Tuanze na moteri. Ndani ya moteri ya avio kubwa, hewa inabanwa, inaingia katika chumba cha moto, na petroli, ndugu ya ile ya taa, inarushwa mule kama ukungu kupitia matundu madogo sana. Moto wenyewe hauchagui sana. Matundu ndiyo yanachagua. Mawese ni mazito, asubuhi ya baridi yanaganda ndani ya bidoni. Na petroli ya avio inapaswa kubaki maji hata kwa digri 47 chini ya sifuri! Kwa hiyo mafuta ya mbegu yanapita kwanza kiwandani, yanapikwa na hidrojeni mpaka yafanane na petroli. Hata hapo, sheria inaruhusu kuchanganya mpaka nusu tu.

Tarehe 30 Desemba 2008, Air New Zealand ilirusha Boeing 747, moteri moja kati ya nne ikichoma nusu petroli, nusu mafuta ya mbono. Mbegu zilitoka Malawi, Msumbiji na Tanzania. Moteri ilifanya kazi vizuri.

Kwa mlimaji ilikuwa ingine. Kule Kisarawe, Tanzania, kampuni Sun Biofuels ilichukua ardhi ya vijiji kwa kupanda mbono. Mwaka 2011 ikaanguka. Watu wakakosa kazi, vijiji vikabaki kudai ardhi. Na mbono hauliwi: mashudu yake ni sumu, hata nguruwe usimpe.

Kenya wanajaribu njia ingine. Eni ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu huko Makueni mwaka 2022, zikiwemo za mbarika na pamba. Mafuta yanaenda Gela, Italia. Sisi, kabla ya meli, tuko na ziwa mpaka Kigoma, halafu reli mpaka Dar es Salaam. Nani analipa hiyo safari?

Mimi naona mbono ukae kwenye ua wa shamba, si pahali pa mihindi. Mawese yako na muuzaji leo, sokoni na kwa watengeneza sabuni. Mtu akileta mbegu za bure, mumuulize bei ya kilo, nani anabeba, na nani ananunua bei ya petroli ikishuka. Majibu yaandikwe, atie sahihi mbele ya komite, ndipo muchimbe shimo la kwanza.