Mwanagenzi Mbele ya Watu Wazima

Mwanagenzi wa ualimu wa Kiingereza hufunzwa mapema kuliacha swali ambalo sisi wa pwani twalipenda mno: “Mmefahamu?” Mtu mzima mwenye haya na heshima zake atajibu kuwa amefahamu, hata kama hakuambulia neno. Chukua kichupa cha dawa kilichoandikwa “once”, yaani mara moja, kwa siku. Mkolombia aliyehamia Marekani juzi aweza kuzisoma herufi hizo kuwa kumi na moja, kwani ndivyo Kihispania kinavyoiandika nambari hiyo. Basi mwalimu huuliza: “Asubuhi umemeza kidonge, jioni je, utameza tena?” Akijibiwa “la”, imetosha.

Miongoni mwa vyeti vinavyotambulika zaidi ni CELTA cha Cambridge: saa zisizopungua 120 za masomo, kazi nne za kuandika, na saa 6 za kufundisha wanafunzi wa kweli huku mkufunzi akitazama. Siku hizi yote hayo yawezekana kwa mtandao, ijapokuwa ada si ndogo.

Mtandaoni, wanafunzi wakitamka kwa pamoja sauti hupishana. Kwa hiyo maikrofoni hufungwa, kila mtu akatamka peke yake, kisha huitwa mmoja mmoja. Aliyesoma chuo cha Qur'ani atautambua utaratibu huo: mwalimu atamke, mwanafunzi afuate, akosee, arudie. Msemaji wa Kiarabu huhangaika na p, akaifanya b. Sisi nasi hupachika irabu mwishoni mwa maneno. Akina mama wengine hufunga kamera kwa kuwa wako nyumbani bila ya mtandio, na mwalimu asiyejua huwadhania watoro. Hapo mwanagenzi wa Kiislamu ana la kuwaeleza wakufunzi wake.

Linalonigusa zaidi ni watoto. Wao huishika lugha ya ugenini upesi, wakageuka wakalimani wa wazazi. Binti wa miaka 10 huketi mbele ya daktari akimfasiria mamake habari za uzazi, na mama, kwa haya, huyameza yaliyo mazito. Kwa maoni yangu, sentensi za kutangulizwa kabla ya sarufi yoyote ni tatu: naumwa hapa, yalianza Jumatatu, nataka mkalimani wa kike. Mwanagenzi aweza kuzifundisha kwa dakika 40, kwa picha na ishara, bila ya kutia neno la Kiswahili, hata kama mwanafunzi ni Mkongomani anayekijua.